Neno 'Kimbunga': Maana Yake, Jamaa Zake na Matumizi Yake ya Kila Siku

1.0 Utangulizi

Makala hii inakusudia kuchunguza maana na matumizi ya neno 'kimbunga' katika Kiswahili cha kila siku, pamoja na maneno yaliyo jirani nalo, hususan 'dhoruba', 'tufani', 'kisulisuli' na 'chamchela'. Kwa mtazamo wa juujuu maneno haya ni visawe. Kamusi zetu nazo zimezoea kulifafanua moja kwa kulitaja jingine, na msomaji asiyejua kimbunga ni nini hupelekwa kwenye tufani, kisha kutoka tufani hurudishwa alikotoka. Tunachodai hapa ni kwamba visawe hivi havilingani, na kwamba kutolingana huko si jambo la wanaisimu peke yao. Tangu mwaka 2019 neno 'kimbunga' limepewa kazi ya pili, nayo ni ya istilahi yenye kipimo, ilhali kazi yake ya kwanza haijaiacha. Mtabiri wa hali ya hewa husema neno moja, na mvuvi au mkulima akasikia neno jingine lenye sura ile ile. Pengo hilo lina gharama, kama tutakavyoona.

2.0 Pepo zenye kalenda na pepo zisizo na kalenda

Ni vema kuanza na jambo linaloweza kumshangaza mgeni wa lugha hii. Kiswahili ni lugha ya watu wa bahari, na msamiati wake wa pepo ni mpana. Kuna kaskazi, ivumayo takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Kuna kusi, ishikayo zamu kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba. Kati ya misimu hiyo miwili huja maleleji, pepo zisizo na msimamo, wakati ambao mabaharia huuita tanga mbili. Kuna matlai ya kutoka mashariki na umande wa kutoka bara. Kila jina kati ya hayo hubeba mwelekeo, majira, na kwa baharia, uamuzi: aondoke leo au angoje.

Tukija kwenye pepo za maangamizi, upambanuzi huo hautoweki kabisa, lakini hulegea. 'Kimbunga' hakisemi upepo unatoka wapi wala unakuja mwezi gani. Hakisemi hata ukubwa wake. Sababu yake, kwa maoni yetu, iko katika jiografia zaidi kuliko katika lugha. Vimbunga vikubwa vya Bahari ya Hindi huhitaji nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia ili vijisokote, na nguvu hiyo hufifia kadiri mtu anavyoikaribia Ikweta. Mombasa iko karibu nyuzi 4 kusini ya Ikweta, Unguja nyuzi 6, Lindi nyuzi 10. Madagaska, Morisi na pwani ya Msumbiji huvijua vimbunga kama sisi tunavyoijua masika; pwani ya Waswahili hukutana navyo kwa nadra sana. Lugha huyapa majina yaliyopambanuka mambo ambayo wasemaji wake wanalazimika kuyapambanua mara kwa mara. Jambo lijalo mara moja katika umri wa mtu hupewa jina la jumla, nalo hutosha.

Nadra, hata hivyo, si kamwe. Tarehe 15 Aprili, 1872, katika utawala wa Sultani Barghash, Unguja ilipigwa na kimbunga kilichoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi na kuzamisha vyombo bandarini. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na baada ya hapo ndiyo iliyoshika uongozi katika zao la karafuu. Lindi nayo ilipigwa tarehe 15 Aprili, 1952, yaani baada ya miaka 80 kamili, siku ile ile ya mwezi. Sadfa hiyo haina maana ya kisayansi, lakini mwezi wenyewe unayo. Kimbunga Kenneth kilikuwa Aprili 2019, Jobo Aprili 2021, Hidaya na Ialy Mei 2024. Vyote hivi vilikaribia au kuifikia pwani yetu katika kipindi kile kile ambapo kaskazi imekwisha, kusi haijatulia na masika yamo. Kwa maneno mengine, kimbunga hutujia kikiwa kimevaa nguo za msimu. Mvua ipo tayari, upepo upo tayari, na msemaji ana majina ya kawaida ya hayo yote.

3.0 Jamaa za neno

3.1 Tufani na gharika

Neno 'tufani' lina safari ndefu. Katika Kiarabu 'tufani' ni maji: ndilo neno la Qurani kwa gharika ya Nabii Nuhu. Katika Kiajemi, Kihindi na Kiurdu neno hilo hilo humaanisha upepo mkali na bahari iliyochafuka, na ndiyo maana tuliyo nayo sisi. Hapana shaka kwamba kuvuka huku kwa maana kutoka maji hadi upepo kunahusiana na mawasiliano ya mabaharia waliotumia pepo za misimu kati ya Uhindi, Uajemi, Uarabuni na Afrika ya Mashariki. Kwa ajili ya maji ya Nuhu, Kiswahili kimechukua neno jingine la Kiarabu, 'gharika', lenye asili ya kuzama. Hivyo tumepokea maneno mawili kutoka lugha moja, na la kwanza tumeliondoa katika kazi yake ya asili ili la pili likae mahali pake.

Katika matumizi, tufani haijatoka baharini. Mtu wa Tabora hasemi kwamba tufani imeezua paa la jirani. Akisema hivyo, wasikilizaji watajua kuwa anapamba maneno. S. S. Mushi, alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare inayoanza kwa jahazi kupigwa na mawimbi, aliiita Tufani (1969). Alikuwa na hiari ya kuiita Dhoruba au Kimbunga. Tunaona kwamba alichagua sawasawa, kwa kuwa neno hilo peke yake humwonyesha msomaji chombo, maji ya chumvi na watu wasio na pa kukimbilia.

3.2 Dhoruba

'Dhoruba', au 'dharuba' kwa umbo lake la zamani, ni pigo. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kupiga, na maana hiyo ingali hai katika kauli kama 'kwa dharuba moja', yaani kwa mpigo mmoja. Kutoka pigo la mkono neno limepanuka likawa pigo la hewa, kisha pigo la maisha: 'dhoruba za dunia' ni misiba na madhila. Kati ya maneno yote tunayoyajadili, hili ndilo lisilobagua zaidi. Kuna dhoruba ya mchanga, dhoruba ya theluji, dhoruba ya radi. Halidai upepo uzunguke wala halidai bahari iwepo. Udhaifu huo wa kishairi ndio nguvu yake ya kiistilahi, na tutaurejea.

3.3 Kisulisuli na chamchela

Haya mawili ni ya upepo uzungukao. 'Kisulisuli' limepata heshima ya pekee kupitia tafsiri ya Biblia ya Union (1952), ambamo Eliya anachukuliwa mbinguni kwa upepo wa kisulisuli na Ayubu anajibiwa kutoka ndani yake, ilhali bahari ya Galilaya ina dhoruba, na merikebu ya Paulo inakutana na upepo wa namna ya tufani. Wafasiri hao walikuwa na masikio mazuri. 'Chamchela', kwa kawaida katika kirai 'pepo za chamchela', sasa husikika kwa nadra nje ya pwani, na vijana wengi wa mijini hulijua kwa kulisoma tu. Wapo wanaoamini kwamba ndani ya vumbi lizungukalo mna shetani, na watoto huonywa wasisimame njiani mwake. Imani hiyo inasaidiwa na lugha yenyewe, kwa kuwa 'pepo' ni wingi wa 'upepo' na pia ni jina la kiumbe kisichoonekana.

4.0 'Kimbunga' midomoni mwa watu

Kimofolojia, 'kimbunga' ni nomino ya ngeli ya KI-VI. Kiambishi 'ki-' hapa si cha udogo; ni kile kile cha kisulisuli, kizunguzungu na kisunzi, maneno ambayo yote yana mzunguko ndani yake. (Kuna pia Kimbunga, lugha ya Wambunga wa bonde la Kilombero. Hilo ni homonimu tu, nalo halina wingi. Hakuna 'Vimbunga' wanaozungumzwa Ifakara.) Tazama mifano ifuatayo, ambayo mzungumzaji yeyote ataikubali:

(1) Kimbunga kimepita uani kikabeba nguo zote zilizokuwa kambani.
(2) Mvua ya jana ilikuja na kimbunga kikaezua mapaa ya madarasa mawili.
(3) Nahodha hatang'oa nanga. Kuna kimbunga kinakuja.
(4) Kimbunga cha mageuzi kiliikumba nchi mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Mfano (4) ni sitiari na hautatukalisha. Magazeti huipenda, hasa katika kurasa za michezo, ambako timu hukumbwa na kimbunga kila juma.

Mifano mitatu ya mwanzo ndiyo yenye jambo. Katika (1) kimbunga kina upana wa ua na umri wa sekunde chache. Aliyekulia Dodoma au Singida amekiona mara nyingi wakati wa kiangazi, mchana wa jua kali, kikinyanyua vumbi na majani makavu. Hukifumbia macho, kinapita, anaendelea na kazi. Katika (2) ni upepo wa mvua ya radi, unaoweza kuharibu kijiji kizima lakini ukamalizika kabla ya chakula cha jioni. Katika (3) ni kitu chenye upana wa mamia ya kilometa, kinachoishi siku kadhaa na kusafiri. Tukitumia uchanganuzi wa vijenzi vya maana, sifa inayoviunganisha vitatu hivi ni [+upepo] na, angalau kwa (1) na (3), [+kuzunguka]. Sifa inayovitenganisha ni [maji]. Kimbunga cha (1) ni kikavu kabisa. Cha (2) huja pamoja na mvua, lakini lugha yenyewe inaitenga mvua hiyo: mvua 'ilikuja na' kimbunga, maana yake ni vitu viwili. Cha (3), kinyume chake, ni maji kwanza. Bahari hunyanyuka na kuingia nchi kavu, mvua hunyesha bila kukoma, mito hutapika. Kimbunga Idai, kilichoipiga Beira usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Machi, 2019, kiliua watu zaidi ya 1,000 katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi, na sehemu kubwa ya maangamizi hayo ilitokana na mafuriko.

Ndipo tunapofika kwenye kiini cha hoja yetu. Msemaji wa Kiswahili wa bara, na hata wa pwani, ameijenga maana ya 'kimbunga' kutokana na (1) na (2), kwa sababu hivyo ndivyo alivyoviona. Anapotangaziwa kimbunga, hutazama juu: huhofia paa, mti ulio karibu na nyumba, na nguo kambani. Neno halimwambii atazame korongo lililo nyuma ya nyumba yake.

5.0 'Kimbunga' kama istilahi

Katika kusini-magharibi ya Bahari ya Hindi, kituo cha kanda kilichopo kisiwani Réunion hupima mwendo wa upepo kwa wastani wa dakika 10. Ukifikia kilometa 63 kwa saa, mfumo hupewa jina. Kati ya kilometa 63 na 88 ni daraja la kwanza la dhoruba ya kitropiki. Kati ya 89 na 117 ni dhoruba kali. Kuanzia 118 ndipo huitwa kimbunga. Juu ya hapo kuna vimbunga vikali na vikali zaidi. Kwa mtaalamu, basi, kilometa 117 na 118 ni vitu viwili vyenye majina mawili.

Katika Kiswahili cha vyombo vya habari mpaka huo haupo. Mfumo ukishapewa jina, huitwa 'Kimbunga Fulani' tangu siku ya kwanza hadi siku ya kufa, uwe na nguvu au usiwe nazo. Jobo alipoikaribia pwani ya Tanzania mwishoni mwa Aprili 2021 alikuwa amebaki mabaki tu, lakini kwenye vichwa vya habari alikuwa bado Kimbunga. Uthibitisho mzuri wa tatizo hili ulipatikana Mei 2024, ilipobidi kutangaza kwamba Hidaya amefikia hadhi ya 'kimbunga kamili'. Kivumishi hicho kinastahili kuangaliwa. Hatusemi 'gharika kamili' wala 'tetemeko kamili'. Tunasema 'kamili' pale tu neno lenyewe linapokuwa limetumika mno kwa kitu pungufu, na sasa inabidi lisaidiwe ili lirudi kwenye uzito wake.

Si kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kupanga madaraja. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imepanga ngazi za maonyo yake kwa maneno ya kawaida kabisa: 'angalizo', kisha 'tahadhari', kisha 'tahadhari kubwa'. Ngazi hizo zinaeleweka bila kamusi. Jambo lile lile lingeweza kufanyika kwa upepo wenyewe, kwa kuliacha neno 'dhoruba', ambalo kama tulivyoona halibagui, lichukue daraja za chini ya kilometa 118, na 'kimbunga' libaki kwa za juu. Vumbi la uani lina majina yake mawili ya asili yanayongoja kazi. Hatuna matumaini kwamba watu wataacha kuliita kimbunga kwa sababu ya makala katika jarida. Lugha haiendi hivyo. Lakini taarifa rasmi zina mwandishi, na mwandishi ana hiari.

6.0 Jina, upatanisho na vitenzi

Jambo dogo la kisarufi linaonyesha jinsi neno linavyobadilika mbele ya macho yetu. Katika 'Kimbunga Hidaya kimepita' upatanisho ni wa KI-. Neno 'kimbunga' likiachwa, wasemaji hugawanyika: wapo wasemao 'Hidaya kimepita', kwa kuwa nomino kuu imedondoshwa lakini inakumbukwa, wapo wasemao 'Hidaya imepita', kama jina la kitu, na wapo wasemao 'Hidaya amepita', kama jina la mtu. Msomaji atakuwa ameona kwamba sisi wenyewe tumeelekea upande wa tatu. Upande huo ulinogeshwa na mitaani, maana Hidaya ni jina la kike la kawaida, tena lenye maana ya zawadi. Kimbunga kinaelekea kuwa lakabu, kama 'Mwalimu' au 'Mzee', itangulizwayo mbele ya jina. Na lakabu haina kipimo. Mwalimu aliyestaafu huitwa Mwalimu.

Vitenzi ni jambo zito zaidi. Kwa asili kimbunga huvuma, hupiga, hukumba, huezua, hung'oa. Vitenzi hivi vyote vina mshtuko. Pamoja na istilahi mpya vimeingia vitenzi vipya, na viwili kati yake vinatutia wasiwasi.

Cha kwanza ni 'kutua'. Husemwa kwamba kimbunga 'kitatua' nchi kavu mahali fulani. Lakini katika Kiswahili kitu kinachotua kimemaliza safari yake na kimepumzika: ndege hutua, mchukuzi hutua mzigo, jua hutua. Aidha 'kutulia', yaani kuwa na utulivu, kimetokana na kitenzi hicho hicho. Masikio yanayosikia 'kimbunga kimetua' yako hatua moja tu kutoka 'kimbunga kimetulia', ilhali saa ya kutua ndiyo saa ya hatari kuu. 'Kuingia' au 'kupiga pwani' havina mtego huo.

Cha pili ni kauli 'kupoteza nguvu'. Tarehe 4 Mei, 2024, Hidaya aliingia katika kisiwa cha Mafia akiwa amepungua sana, na umma ukatangaziwa kwamba amepoteza nguvu. Kwa upepo ilikuwa kweli. Lakini 'nguvu', kwa msikilizaji ambaye kimbunga chake ni upepo, ndiyo hatari yote. Ikipotea, hakuna kilichobaki cha kuogopwa. Mvua haikuwa imepoteza kitu. Ilinyesha katika mikoa ya Pwani, Lindi na Mtwara, na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika wilayani Kilwa, magari yakakwama pande zote mbili.

Kauli iliyohitajika si ndefu. Ingetosha kuvitenga viwili katika sentensi moja: upepo wa kimbunga umepungua, mvua ya kimbunga inaendelea. Kirai 'mvua ya kimbunga' si geni kwa sarufi yetu, nacho kinafanya kile ambacho mfano (2) ulikataa kufanya, yaani kuyaweka maji ndani ya neno lenyewe.